Mnaotuma mafaili ya meinfremu kwa hali ya maandishi, mnatuharibia hesabu za watu!

Wakuu, nimechoka. Hii ni wiki ya tatu nalumbana na wenye meinfremu (kompyuta kubwa ya kuhifadhi hesabu) wa taasisi moja hapa Kampala. Kazi yangu ni kulinganisha akiba za wateja wao kwenye PC, na faili wanalonitumia halifai kitu.

Faili ni la VB, yaani rekodi za urefu tofauti. Kila rekodi hutanguliwa na baiti 4 ziitwazo RDW, zinazobeba urefu wake. Wao wanalituma kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili) kwa hali ya maandishi: RDW inatupwa, kisha kila baiti inageuzwa kutoka EBCDIC, msimbo wa herufi wa meinfremu, kwenda ASCII, ule wa PC, iwe herufi iwe hesabu. Majina yanafika safi. Pesa ndizo zinaharibika!

Shilingi 12,345 kwenye COMP-3, namna ya meinfremu ya kubana tarakimu mbili kwa baiti, ni 12 34 5C (baiti naziandika kwa heksadesimali). Hiyo 5C ni tarakimu 5 na alama ya chanya, lakini kwenye EBCDIC 5C ni alama ya nyota (*), basi FTP inaigeuza kuwa 2A, nyota ya ASCII. Tano imekuwa mbili.

Waliotoa pesa ndio wameumia zaidi. Kutoa 50,000 huandikwa 00 50 00 0D (D ni alama ya hasi), na programu nyingi za PC husoma 0D kama mwisho wa mstari. Rekodi inakatika hapo hapo. Sasa niambieni, Uganda hii nani anatoa pesa isiyoishia na sifuri? Mama wa soko la Owino katoa elfu hamsini zake, kwangu naona vipande viwili visivyosomeka.

Nikalalamika, wakatuma kwa hali ya bainari (baiti hazigeuzwi) lakini bila RDW. Rekodi zote zimeshikana kama matoke yaliyopondwa, hujui ndizi ipi inaishia wapi. Nikipiga simu: "Faili limefika, kaka, tatizo ni kompyuta yenu."

Si kompyuta yetu! Upande wangu programu ipo tayari. Inasoma urefu kwa kuanza na baiti kubwa, maana 00 54 ni 84, ukigeuza mpangilio wa baiti inakuwa 21,504. Inapunguza baiti 4 za RDW zilizohesabiwa humo, inachukua data iliyobaki.

Ninachoomba ni amri hizi tu za FTP upande wao, ili RDW ibaki na baiti zisigeuzwe:

LOCSITE RDW
BINARY
PUT

Na kopibuku ya COBOL (maelezo ya mpangilio wa sehemu za rekodi), niliyoiomba tangu siku ya kwanza.

Kesho asubuhi nawafuata mlangoni kwao na mistari hiyo mitatu imeandikwa kwenye karatasi. Sitoki mpaka waiendeshe mbele yangu.