Tupeane uzoefu: umewahi kubishana na watu kuhusu nyoka, bundi au fisi?

Mwanamboga: Wakuu, juzi jirani kamponda kinyonga kwa jiwe mbele ya watoto, eti ana sumu. Nikamwambia hana sumu, chakula chake ni wadudu. Nikajibiwa najifanya msomi. Nyie mlibishana na nani, ikawaje?

Shangazi wa Kaliua: Umenikumbusha mbali. Shemeji yangu aling'atwa tukipalilia karanga. Nyoka tulimwona wote: mwili wa kijivu kama fimbo kavu, na alipotanua mdomo, ndani mweusi tii. Nikapiga kelele, koboko huyo! Wazee wakakataa, eti koboko ni mweusi mwili mzima. Jamani, weusi wa koboko uko mdomoni! Wakamfunga kamba ya katani juu ya goti, wakamchanja kwa wembe, wakabandika jiwe la nyoka. Eti litadondoka lenyewe sumu ikiisha. Nilibishana hadi sauti ikakauka. Mguu haukuvimba sana, wakasema mnaona, anapona. Mimi namtazama usoni. Kope zinashuka, anajitahidi kufumbua macho hawezi, mate yanamtoka, maji tukimpa hayamezeki. Sumu ya koboko inashambulia mishipa ya fahamu, mwisho mtu anashindwa kupumua. Nikamwita kijana wa bodaboda, tukampakia katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Hospitali walikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, wakamsaidia na kupumua. Yupo hai. Kilichomtesa muda mrefu baadaye ni kidonda cha ule wembe.

Mdau Mpwapwa: Nakazia. Wembe na kamba vimeharibu miguu ya wengi.

Babu Kinyemi: Msidharau mambo ya wazee. Mimi niling'atwa usiku, nikawekewa jiwe, asubuhi nikaenda kulima.

Nesi Mstaafu: Shikamoo babu. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine hung'ata bila kuitoa. Hapo hata ungewekewa kigae ungeamka salama. Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kila mwaka duniani. Wengi huchelewa hospitali kwa sababu ya hayo majiwe.

Babu Kinyemi: Marahaba. Lakini jiwe langu sitoi.

Kijana wa Karatu: Mimi ugomvi wangu ni fisi. Watu wanakaza kwamba anakula mizoga tu. Mtafiti wa wanyama, Hans Kruuk, aliwafuatilia usiku pale Ngorongoro miaka ya 1960, akaona fisi wanawinda wenyewe nyumbu na pundamilia, halafu simba anakuja kupora. Asubuhi mtalii anamkuta simba mezani na fisi pembeni, anahukumu.

Mtoto wa Mjini: Fisi wote ni majike na madume kwa pamoja, hilo linajulikana.

Kijana wa Karatu: Hapana mkuu! Jike ana kiungo kinachofanana na cha dume, na anazaa kwa kupitia hicho hicho. Jike ni jike.

Mtoto wa Mjini: Umemchungulia?

Mama Wawili: Acheni ugomvi. Kwetu bundi alitua darini, wakwe wakataka apigwe, eti analeta msiba. Nikaokota vile vidonge anavyotapika, nikavipasua mbele yao: manyoya na mafuvu madogo ya panya. Mama mkwe akanyamaza. Mahindi ya mwaka ule hayakuguswa.

Mdau Mpwapwa: Mimi hata kwa vidonge, bundi simtaki juu ya bati langu.

Mwanamboga: Na nyoka fira akikutemea sumu machoni? Huku wanasema uoshe kwa maziwa.

Babu Kinyemi: Maziwa ya mama anyonyeshaye.

Shangazi wa Kaliua: Usihangaike kutafuta mama. Fungua jicho, mwagia maji safi mengi kwa muda mrefu, usilisugue, kisha hospitali.

Nesi Mstaafu: Na aliyeng'atwa asitembee. Mfungie mguu kwenye ubao usichezecheze, mvue pete na viatu, mwondoke haraka. Nyoka muacheni, msimfukuze.