Mlililia gari dogo la Kiitaliano miaka nenda rudi, Fiat 500 ilipokuja Marekani mkaizomea. Nimechoka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuzificha.

Juzi kwenye kundi letu la wapenda magari hapa Columbus, Ohio, Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, mtu katuma picha ya Fiat 500 imeegeshwa nyuma ya pikapu. Maneno aliyoweka ni mawili tu: "kiatu hicho". Watu wakacheka siku nzima. Nimehesabu majina ya waliocheka. Karibu wote ni walewale ambao miaka hiyo tukikutana kuchoma nyama walikuwa wanalalamika kwamba Ulaya wanafaidi vigari vizuri, huku sisi tunaletewa malori tu.

Nilifika nchi hii 2006. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Julai 2007, Fiat wakaizindua 500 mpya kule Torino, miaka 50 kamili tangu ile ya 1957 iliyobuniwa na mhandisi wao Dante Giacosa, yenye injini ya cc 479, nguvu za farasi 13, na urefu usiofika mita tatu. Nakumbuka mlivyokuwa mnapokezana magazeti ya magari ya Uingereza. Swali lenu lilikuwa moja: kwa nini hawatuletei huku?

Wakaleta. Kampuni ya magari ya Marekani, Chrysler, ilifilisika 2009, Fiat chini ya bosi wake Sergio Marchionne ikaingia na asilimia 20. Makubaliano na serikali ya Marekani yalikuwa kwamba Fiat inaongezewa hisa kila inapotimiza sharti, na sharti mojawapo lilikuwa kuunda hapahapa Marekani injini isiyokula mafuta mengi. Injini yenyewe ni 1.4 MultiAir, iliyoundwa Dundee, Michigan, ikapelekwa Toluca, Mexico, kufungwa kwenye 500. Anayesema gari hili lililetwa kama pambo la akina dada hajui anachokisema. Lilikuwa kipande cha mpango uliowarudisha watu kazini Michigan.

Tena hawakuleta ile ya Ulaya kama ilivyo. Waliongeza ukubwa wa tangi la mafuta, wakaimarisha bodi, wakaweka gia otomatiki za hatua sita kwa sababu Mmarekani hataki kukanyaga klachi. Nguvu za farasi 101, bei ya kuanzia dola 15,500. Walitarajia kuuza 50,000 mwaka wa kwanza. Mwaka 2011 waliuza hapa Marekani 19,769. Mwaka huohuo pikapu za Ford F zilipita laki tano. Mlikuwa wapi?

Najua majibu yenu, nimeyasikia mpaka nimeyakariri.

Kwanza ule utani wa "itengeneze tena, Tony", kwa Kiingereza "Fix It Again, Tony", herufi za mwanzo zikisomeka FIAT. Mnaurudia bila kujua ulikotoka. Fiat waliondoka soko hili 1983, na magari yaliyowaharibia jina ni ya miaka ya sabini, 124, 128, X1/9. Bati liliozeshwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Injini ya Aurelio Lampredi iliyokuwa kwenye 124 ilitumia mkanda wa mpira wa taimingi badala ya cheni, na mafundi wengi wa huku walikuwa wamezoea cheni isiyoguswa. Mkanda haubadilishwi, unakatika, injini inakufa, analaumiwa Muitaliano. Marehemu baba yangu alikuwa utingo kwenye Fiat 682, lori lililosomba mizigo ya Zambia kutoka Dar wakati barabara ni tope tupu. Sikuwahi kumsikia akisema Fiat ni mbovu. Alichosema ni kwamba Fiat haikubali kucheleweshewa oili. Na ndivyo ilivyo mpaka leo: kwenye MultiAir valvu za kuingiza hewa zinasukumwa kwa oili. Weka oili isiyo yake, au pitisha muda, uone. Hilo limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na asiyesoma kitabu asinipigie kelele.

Nakubali kwamba utafiti wa ubora wa kampuni ya J.D. Power wa 2015 kuhusu gari mpya uliiweka Fiat mkiani. Sina ugomvi na hilo. Ila mtu aliyekataa gari mwaka 2011 hawezi kujitetea kwa utafiti wa 2015.

Pili, "ukigongwa na lori umekwisha". Hapa nitasema ukweli wote, maana suala la uhai halina ushabiki. Mwaka 2011 taasisi ya usalama ya kampuni za bima, IIHS, iliiweka 500 kwenye orodha yake ya magari salama zaidi, na ilikuja na mifuko saba ya hewa. Mwaka 2014 walipopima vigari kwa jaribio jipya la kugonga kwa kona ya mbele, 500 ilipata alama mbaya kabisa. Honda Fit ya wakati huo nayo ilianguka pamoja nayo, lakini sijawahi kuona mtu kundini anaicheka Fit.

Tatu, "si Muitaliano halisi, imetoka Mexico". Hiyo ya Ulaya mliyokuwa mnaimezea mate ilitoka Tychy, Poland. Mbona hamkuuliza?

Nne ndiyo inayoniumiza zaidi: "gari la kike". Mtu mzima, fundi, anaacha kuangalia mashine anaangalia anachodhani majirani watasema. Mimi naendesha Abarth ya 2013, yaani 500 hiyohiyo iliyoongezewa nguvu na turbo, yenye klachi na gia tano. Kijiti cha gia hakiko sakafuni, kiko juu chini ya redio, mkono ukitoka kwenye usukani umeshakifikia. Kushoto kwa dashibodi kuna geji ya turbo imesimama peke yake kama saa ya ukutani. Bonyeza kitufe cha Sport, toka kwenye kona ukiwa gia ya pili, sindano inaruka na ekzosi inanguruma kwa besi ambayo hutarajii kwenye gari la ukubwa ule. Farasi 160. Waliocheka juzi, wawili nimewahi kuwapa funguo. Walirudi wanacheka kwa furaha kama watoto, na mmoja aliomba azunguke tena. Leo wamekuwa wa kwanza kuandika "kiatu".

Sisemi kampuni haikukosea. Walidai wauzaji wajenge shorumu za pekee kwa ajili ya Fiat wakati gari la kuuza ni moja tu. Walitangulia na tangazo la Jennifer Lopez, Abarth ikaja 2012, wakati watu wameshajiamulia gari hili ni la nani. Msimamizi wa Fiat hapa, Laura Soave, aliondolewa kabla mwaka 2011 haujaisha. Abarth ilipofika mauzo yalipanda, 2012 yakapita 43,000, kisha yakaanza kushuka, na modeli ya 2019 ikawa ya mwisho ya 500 ile kuletwa huku.

Mnaona hayo ni ya kampuni, hayawahusu. Sikilizeni. Februari mtu aliniparua kwenye maegesho akang'oa kioo cha pembeni cha kushoto, akaondoka. Nikaenda kwa muuzaji niliyemzoea. Nembo ya Fiat ameshaiondoa ukutani, matundu ya skrubu bado yanaonekana na rangi ya mviringo pale ilipokuwa haijafifia kama sehemu nyingine. Nikaelekezwa kwa mwingine, mwendo wa saa mbili. Kijana wa kaunta ya spea akaniambia bila kuzunguka: hatuweki stoo, hakuna anayeuliza. Wiki saba nimeendesha na kioo kilichoshikwa kwa selotepu nyeusi, nikikibonyeza kirudi mahali pake kila nikifika taa nyekundu. Kijana yule sina neno naye. Gari lisilonunuliwa haliwekewi spea, na walioacha kulinunua ni ninyi mliodai mnalipenda.

Na sasa hivi kundini kuna watu wanatafuta Fiat Panda 4x4 za zamani, zile zenye mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne wa Steyr-Puch ya Austria, kwa sababu zimepita miaka 25 na sheria inaruhusu kuziingiza. Wako tayari kulipia meli, ushuru na bati lililooza. Mnajua kwa nini Panda mpya haikuletwa? Mnajua kwa nini MiTo, kigari cha Alfa Romeo, haikuletwa? Kampuni ilileta kigari kimoja kwanza, ikaangalia nani anatoa pesa, ikaona hesabu.

Mwaka 2024 wameleta tena, safari hii 500e ya umeme, na hii kweli imetoka kiwanda cha Mirafiori, Torino, pale mlipokuwa mnataka itoke. Inakwenda maili 149 kwa chaji moja, na bei mwaka huo ilianzia dola 32,500. Bei hiyo hata mimi iliniuma na naelewa anayeikataa kwa sababu ya pesa. Lakini hamkuikataa kwa pesa. Picha ya kiatu juzi ilikuwa ya hiyohiyo.

Anayetaka kubisha karibu, nitajibu kila mtu. Ila kabla ya neno lolote aanze kwa kutaja gari dogo la mwisho alilonunua jipya hapa Marekani, mwaka na modeli.