Tupeane uzoefu: wakili wako alipokuangusha, ulifanya nini?

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naanza na la kwangu nisije nikaonekana nawachimba ninyi tu.

Nilikuwa na kesi ya madai. Mkataba ulivunjwa, karatasi zote ninazo. Wakili nilimlipa nusu ya ada siku ya kwanza, nusu nyingine tukakubaliana baada ya hukumu. Miezi minane ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri, halafu yakaanza majibu ya aina moja. Nampigia: "Imeahirishwa." Namwandikia: "Hakimu yuko likizo, imeahirishwa." Mwishowe simu ikawa inaita mpaka inakata, ujumbe unasomwa na haujibiwi.

Siku moja nilikuwa napita nje ya mahakama nikasema ngoja niingie masijala. Namba ya kesi nilikuwa nimeiandika nyuma ya stakabadhi. Karani akalitoa jalada, akalamba kidole, akafunua mpaka kurasa za mwisho, kisha akanigeuzia bila kusema neno. Mwandiko wa mkono: "Mdai: hayupo. Wakili wa mdai: hayupo." Karatasi inayofuata, hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa amri: shauri limefutwa kwa mdai kutohudhuria. Tarehe ya amri ilikuwa miezi 11 nyuma. Yaani karibu mwaka mzima naahirishiwa kesi ambayo imeshazikwa.

Nilitafuta wakili mwingine, tukaomba kesi irudishwe. Kilichoniokoa ni zile jumbe zake. Nilizichapisha zote, kila "imeahirishwa" na tarehe yake, nyingi zikiwa baada ya kesi kufutwa. Hata hivyo hakimu aliniuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma: "Kesi ilikuwa ya wakili au ilikuwa yako?" Sikuwa na jibu. Kesi ilirudishwa, gharama za upande wa pili nikalipa mimi.

Sasa nataka kusikia yenu. Na wenye kujua sheria watuambie, mtu kama huyu anashtakiwa, analalamikiwa, au ndiyo basi tena?

Ngurumo

Nimewahi siti ya mbele. Mawakili wote waletwe hapa.

Bi Shamsa

Mwanangu, mimi nitakuja kinyume kidogo. Nilishindwa kesi nikamtangaza wakili wangu kila kona kwamba amekula rushwa. Nikabeba hukumu na mafaili yangu kwa wakili wa pili, mama mtu mzima, nikataka anisaidie kumshtaki yule wa kwanza. Akasoma siku mbili. Aliponiita akaniwekea barua moja mezani. Ilikuwa barua niliyoiandika mwenyewe miaka mingi kabla, nakiri deni. Upande wa pili waliitoa mahakamani, wakili wangu akaiona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Akaniuliza, "Hii ulimwonyesha?" Sikumwonyesha. Niliona haya. Nilidhani imeshapotea.

Kwa hiyo kabla hatujawasulubu, tujiulize na sisi tuliwaambia nini.

Joho Jeusi

Mimi ni wakili, sijifichi. Mkiniponda, mniponde taratibu.

Bi Shamsa kaniondolea nusu ya maneno. Katika kesi nyingi kuna aliyeshindwa, na aliyeshindwa naye mara nyingi alikuwa na wakili. Kushindwa peke yake si uzembe. Kipimo ni hiki: wakili wa kawaida, mwenye uangalifu wa kawaida, angelifanya jambo lile? Kumwita shahidi huyu na kumwacha yule ni uamuzi, hata ukija kuonekana mbaya. Kuacha muda wa kufungua kesi au kukata rufaa upite wakati karatasi ziko mezani kwako, huo si uamuzi wa kitaalamu.

Kibatari, una milango miwili na watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni chombo cha nidhamu cha mawakili. Hicho kinamwangalia yeye na leseni yake: apewe onyo, asimamishwe, au afutwe kwenye orodha. Mahali pengine kinaweza kuamuru akurudishie ada, lakini kazi yake kubwa si kukufidia. Mlango wa pili ni mahakama, unamdai fidia kwa uzembe wa kitaaluma. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu unaendesha kesi ndani ya kesi. Haitoshi kuonyesha kwamba wakili alilala. Lazima uonyeshe kwamba angekuwa macho ungepata kitu, na ni kiasi gani.

Mfano tuliosomeshwa wengi ni kesi ya Kitchen, Uingereza, 1958. Mjane alifiwa na mumewe aliyepigwa na umeme. Mawakili wake wakaacha ukomo wa muda ukapita bila kesi kufunguliwa. Walipodaiwa wakasema hakuna hakika kwamba angeshinda. Mahakama ikajibu kwamba hata ile nafasi ya kushinda aliyoipoteza ina thamani, ikampa fidia.

Wewe kesi yako imerudishwa, kwa hiyo hasara yako ni zile gharama na muda. Fidia kubwa usiihesabu. Ila kukudanganya kwamba imeahirishwa ni kosa la nidhamu hata kama hukupoteza senti moja. Ningekuwa wewe ningeanza na mlango wa kwanza.

Mzee wa Stakabadhi

Mimi langu ni fedha. Tulimaliza kwa maelewano nje ya mahakama, bima ikalipa, hela ikaingia kwa wakili. Alinipigia mwenyewe kunipongeza. Halafu nikaanza kuzungushwa. Mara benki ina tatizo, mara anasubiri saini ya mwenzake. Miezi sita.

Rafiki yangu mhasibu akaniuliza swali moja: "Hela iliingia akaunti gani?" Nikamwambia akaunti ya wakili. "Ipi? Ya ofisi au ya wateja?" Sikujua kama kuna tofauti. Kumbe hela ya mteja hukaa kwenye akaunti yake peke yake, haichanganywi na hela ya kulipia pango la ofisi na mishahara.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Naomba mchanganuo: kilichoingia na tarehe yake, ada uliyokata, gharama ulizokata, kilichobaki, kiko akaunti ipi. Sikumtukana. Nilimpa siku 14 na nakala nikasema itakwenda kwa chombo cha nidhamu. Siku ya 15 nikaipeleka kweli. Hela ilianza kuja kwa mafungu, na fungu la mwisho liliingia siku chache kabla ya shauri lake kusikilizwa. Aliniomba nifute malalamiko. Sikufuta.

Chausiku_7

Samahani kuingilia. Wakili wangu huu mwezi wa tatu hapokei simu. Kesi ni ya mirathi ya baba. Naogopa kwenda mahakamani mwenyewe, atasema simwamini. Nifanyeje?

Kibatari

Dada, kaangalie jalada. Kesi ni yako, hakuna wa kukununia. Nenda na namba ya kesi na kitambulisho, omba kujua mambo mawili tu: tarehe ya mwisho ilitokea nini, na tarehe inayofuata ni lini.

Ngurumo

Swali kwa Joho Jeusi. Nilikwenda kwa wakili, nikamweleza jambo langu kama dakika 40, akasema "hapo huna kesi," nikaondoka. Hatukuandikishana, hakunitoza. Baadaye naambiwa nilikuwa na kesi na muda umeshapita. Huyo nina la kumfanya? Si hata hakuwa wakili wangu?

Joho Jeusi

Hilo ndilo swali mawakili wenyewe tunaliogopa.

Kuna kesi ya Togstad, Mahakama ya Juu ya Minnesota, Marekani, 1980. Mume alipooza baada ya matibabu. Mke akaenda kwa wakili, wakazungumza chini ya saa moja, wakili akamwambia haoni kama kuna kesi. Hakulipwa, hakusainisha kitu, na hakumwambia mama yule kwamba muda wa kudai una mwisho. Muda ukapita. Jopo la raia walioamua kesi (jury) likaona alikuwa wakili wake kwa ushauri ule alioutoa, na fidia ikavuka dola 600,000.

Si kila nchi itafika huko. Lakini ndiyo maana siku hizi ukija ofisini kwangu nikakataa kesi yako nakupa barua inayosema: sikuwakilishi, muda wako unaweza kuwa unakwisha, katafute wakili mwingine upesi. Watu huiona kama dharau. Ile barua inatulinda sisi sote wawili. Ngurumo, una chochote kilichoandikwa siku ile? Hata ujumbe wa kuomba miadi?

Ngurumo

Ujumbe wa miadi ninao. Ngoja niutafute kwenye simu ya zamani.

Nyundo

Mimi wangu alinikubalia makubaliano bila kuniuliza. Nafika mahakamani nasikia kesi imekwisha, "wahusika wameelewana." Mimi mhusika sijaelewana na mtu! Alisema alifanya hivyo kwa faida yangu, na kusema kweli kiasi hakikuwa kibaya. Lakini si alichokuwa nacho ni uwakilishi wangu, hakuwa mimi. Kupokea au kukataa makubaliano ni neno la mteja. Jinsi ya kuuliza maswali mahakamani, hilo namwachia.

Nilikwenda kulalamika kwa maandishi siku ile ile, nashukuru. Ningekaa wiki mbili nikipokea hela ile, ningesema nini tena?

Mzee wa Stakabadhi

Na wale vishoka je? Jirani yangu aliendeshwa mwaka mzima na mtu ambaye si wakili kabisa. Suti, mkoba, muhuri, maneno ya Kilatini. Siku ya hukumu ndipo upande wa pili wakauliza leseni yake. Nyaraka zote alizozigonga mhuri zikawa na kasoro.

Angalia jina kwenye orodha rasmi ya mawakili kabla ya kulipa, na uangalie kama leseni ya mwaka huu ipo. Mtu anaweza kuwa wakili wa kweli aliyesimamishwa.

Mwanafunzi wa Mwisho

Niongeze kidogo, ni la siku hizi. Mwaka 2023 huko New York, kwenye kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili waliwasilisha hoja zenye kesi za rejea ambazo hazijawahi kuwepo. Programu ya akili mnemba ndiyo iliyozitunga. Jaji aliwatoza dola 5,000. Ukipewa nakala ya hoja zilizoandikwa kwa niaba yako, zisome. Hata kama si mwanasheria, chukua kesi moja iliyotajwa uitafute.

Bi Shamsa

Na faili je? Mtu akitaka kubadilisha wakili, yule wa kwanza anaweza kukataa na karatasi?

Joho Jeusi

Bi mkubwa, inategemea nchi. Kwingine wakili anayedai ada anaruhusiwa kushikilia jalada mpaka alipwe, kwingine haruhusiwi kama kufanya hivyo kunamuumiza mteja kwenye kesi. Kumfukuza wakili ni haki yako, ila kazi aliyokwisha kuifanya utailipa. Ninachowashauri watu ni kutompa wakili karatasi halisi bila yeye kusaini kwamba amezipokea, na nakala zibaki nyumbani. Nusu ya ugomvi wa mafaili ninaouona ni watu waliokabidhi hati halisi kwenye bahasha wakaondoka.

La mwisho, kwa wote mnaofikiria kudai fidia. Muda wa kumdai wakili nao una ukomo. Kuna nchi zinazohesabu tangu siku alipokosea, kuna zinazohesabu tangu siku ulipogundua. Kaulize mapema, na usimuulize yeye.

Chausiku_7

Nimerudi. Nimekwenda leo asubuhi, mikono inatetemeka. Jalada lipo. Kesi haijafutwa. Mara mbili iliahirishwa kwa sababu wakili wangu ni mgonjwa, kuna barua ya hospitali imebandikwa ndani. Mwenzake wa ofisi moja ndiye aliyekuwa akija kuomba ahirisho. Tarehe inayofuata ni Jumatano.

Nimemsikitikia jamani. Lakini miezi mitatu, wameshindwa kunitumia hata mstari mmoja?

Kibatari

Pole dada, na afadhali. Jumatano uwepo wewe mwenyewe, hata kama mwenzake atakuja. Likiitwa jina lako, simama.