Mama anapaliwa tangu apate kiharusi: tununue mashine ya umeme ya shingoni?

BintiBombo:
Habari zenu ndugu zangu. Mama yetu alipata kiharusi mwaka huu. Mkono umeanza kurudi na maneno yake yanaeleweka, lakini kumeza bado ni shida. Maji na chai vinampalia kila mara. Matooke iliyopondwa na mchuzi mzito wa karanga inapita, ila polepole, na amekonda sana. Kaka yangu ameona mtandaoni mashine ya vibandiko vya umeme vya shingoni, anataka tuagize tumfanyie wenyewe nyumbani. Mimi naogopa. Tiba hii ni ya kweli? Presha anayo, anakunywa dawa.

Nesi_wa_Arua:
Pole sana dada. Tiba ni ya kweli, ila kuna namna mbili na watu huzichanganya. Moja ni hiyo ya vibandiko juu ya ngozi. Nyingine hupitisha mrija mwembamba puani hadi kooni, na umeme mdogo unaamsha neva za koo ili ubongo ukumbuke kazi ya kumeza. Hiyo ya mrija ilijaribiwa Ulaya kwa wagonjwa wa kiharusi waliotobolewa koo ili wapumue, dakika 10 kwa siku, siku 3. Matokeo yalitoka 2018: asilimia 49 walikuwa tayari kutolewa bomba la kupumulia, dhidi ya 9 kwa wale ambao hawakupewa umeme. Lakini jaribio la 2016 la mrija huo huo, kwa wagonjwa wa kiharusi waliokuwa na shida ya kumeza, halikuona tofauti. Kwa hiyo usiahidiwe miujiza.

Okello_Jinja:
Baba yangu alifanyiwa ya vibandiko. Hakuwa amekaa tu! Mtaalamu alikuwa mbele yake, na kila umeme ulipopita aliambiwa ameze kwa nguvu. Mazoezi ndiyo kazi yenyewe. Sasa hivi anakula posho (ugali) laini na maharage. Ni umeme au ni mazoezi? Siwezi kuapa, alipata vyote pamoja.

Hajati_K:
BintiBombo mwanangu, mzuie kaka yako. Mbele ya shingo kuna mishipa mikubwa inayopima presha, na umeme ukiigusa vibaya mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Mwenye kifaa cha moyo, kifafa au uvimbe wa saratani shingoni ndiyo kabisa asiguswe bila daktari. Tena umeme ukipita mtu akiwa ametulia unaweza kulivuta koromeo chini, wakati kumeza kunalitaka lipande.

Amepimwa kumeza lakini? Wengine chakula huingia mapafuni bila hata kukohoa. Angalia sauti yake baada ya kula: ikiwa kama ina maji ndani, au homa zinarudirudi, usingoje.

BintiBombo:
Hajapimwa. Tuliambiwa tu tumpe vitu laini. Sauti ya maji ninaisikia, hasa baada ya chai. Tuanzie wapi?

Nesi_wa_Arua:
Hiyo sauti usiipuuze, mpeleke wiki hii. Homa ikianza au akipumua kwa shida, ni siku hiyo hiyo. Makerere ilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008, na wataalamu hao ndio wanaoshughulikia kumeza pia. Ulizeni hospitali ya Mulago, idara ya masikio, pua na koo. Mtaalamu atawaambia vinywaji viwe vizito kiasi gani. Msikisie wenyewe, maana kizito kupita kiasi hubaki kooni na mtu hukaukiwa maji.

Kwa sasa akae wima kabisa, kijiko kidogo, ameze kabla ya kingine, na asilale kwa nusu saa baada ya kula. Kinywa kisafishwe asubuhi na jioni, meno na ulimi, maana mate machafu nayo huingia mapafuni.

BintiBombo:
Webale nnyo, asante sana. Kaka amesoma yote haya, mashine haagizi tena.

Okello_Jinja:
Bebeni dawa zake zote. Na uji wake wa kawaida kwenye chupa, mtaalamu atataka kumwona akiumeza.