Mzee akizidiwa Texas, nani anasaini?

Kutoka: Mama Baraka, Irving

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Swali kwa mnaofanya kazi hospitalini. Mzazi akilazwa hapa Texas, karani wa mapokezi anauliza kama ana "advance directive", yaani maagizo ya matibabu yaliyoandikwa mapema. Wengi tunajibu hapana na maneno yanaishia hapo. Hizo karatasi ni zipi hasa, na ni ipi ya lazima? Na kama mzee hana yoyote kisha akapoteza fahamu, nani anasaini? Huku kwetu kila mtu anadhani ni kaka mkubwa.

Kutoka: Dada Rehema, Fort Worth

Marahaba Mama Baraka.

Hakuna karatasi ya lazima. Karani anauliza kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inaitaka hospitali imuulize kila anayelazwa. Sheria hiyo hiyo inakataza kukunyima matibabu eti kwa sababu hukujaza. Kwa hiyo "hapana" si kosa. Ila jua unachokiacha mikononi mwa wengine.

Mgonjwa asipokuwa na karatasi wala mlezi aliyewekwa na mahakama, na uamuzi ni wa kuendelea au kuacha mashine, Texas ina foleni yake: mke au mume, kisha watoto waliofika utu uzima wanaopatikana, kisha wazazi, kisha ndugu wa karibu aliye hai. Kaka mkubwa wa mgonjwa yuko mwisho kabisa. Na angalieni hilo neno mke au mume. Mtu aliyeachana na mwenzake miaka kumi iliyopita bila talaka ya mahakama, huyo mwenzake bado ni wa kwanza kwenye foleni, hata kama hawasalimiani. Mtoto wa mama mdogo tunayemwita dada, kisheria si dada. Mke wa pili wa kimila hahesabiwi.

Dawa ya haya ni fomu moja tu, Medical Power of Attorney. Ndani yake unamtaja mtu mmoja kwa jina awe mwakilishi wako wa kuamua matibabu, na mwingine wa akiba, na wa akiba wa pili. Ukishamtaja, foleni yote inakaa kando. Huyo uliyemtaja anaweza kuwa jirani, mjukuu, mtu wa kanisani au msikitini, undugu hauulizwi.

Mwakilishi haanzi kazi siku unayosaini. Anaanza pale daktari anapoandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana tena uwezo wa kuamua. Mzee akiwa macho na anaelewa, anaamua mwenyewe, hata familia nzima ikinuna. Na hata baada ya daktari kuandika, mzee akikataa kitu kwa mdomo wake, mwakilishi hawezi kumlazimisha.

Fomu ya pili ni Directive to Physicians, ndiyo watu wanaiita wosia wa matibabu. Hiyo inazungumzia hali mbili tu: ugonjwa ambao daktari anaona utamuua mtu ndani ya miezi 6 hata akitibiwa, na hali isiyorudi nyuma ambapo mtu hawezi kujihudumia wala kujiamulia na angekufa bila mashine. Kwa kila hali unachagua: niachwe niende nikipewa dawa za kuniondolea maumivu, au niendelezwe kwa kila kilichopo. Unaandika herufi za mwanzo za jina lako kwenye mstari wa chaguo lako. Watu wanaweka vema kwenye yote mawili, au wanajaza hali ya kwanza na kuiacha ya pili tupu, na daktari wa zamu ya usiku anabaki kukisia.

Mimi nikiambiwa nichague moja, nachukua fomu ya kwanza. Karatasi haiwezi kukisia kila ugonjwa. Mtu anaweza kusimama kitandani na kuuliza maswali.

Kutoka: Kaka Juma, notari, Houston

Naongezea upande wa sahihi, maana hapo ndipo fomu nyingi zinapoharibikia.

Fomu zote mbili zinasainiwa mbele ya mashahidi wawili wazima au mbele ya notari, yaani mtu mwenye kibali cha kuthibitisha sahihi. Ukichagua mashahidi, angalau mmoja wao lazima awe safi kabisa: asiwe mwakilishi mwenyewe, asiwe ndugu wa damu au wa ndoa, asiwe mrithi, asiwe mtu anayekudai, asiwe daktari wako wala mfanyakazi wake, asiwe muuguzi anayekuhudumia. Mkeo na mwanao wakisaini wote wawili kama mashahidi, umepoteza karatasi.

Kuna kipengele kinachowagusa wengi humu, kwa sababu wengi tunaendesha nyumba za kulelea wazee au tunafanya kazi humo. Mwenye nyumba ya kulelea ambamo mzee anaishi haruhusiwi kuwa mwakilishi wa huyo mzee, na wafanyakazi wake hawaruhusiwi isipokuwa kama ni ndugu wa mzee. "Ni mtu wa kwetu" haitoshi. Daktari wake na wafanyakazi wa daktari ni vivyo hivyo.

Sheria haidai mwakilishi aishi Texas wala awe raia. Aliyeko Nairobi anafaa kwenye karatasi. Lakini kiangazi Nairobi iko mbele ya Dallas kwa saa 8, na majira ya baridi 9. Daktari akipiga saa tatu usiku wa Dallas, Nairobi ni alfajiri na simu iko kimya. Aliyeko mbali muweke wa akiba. Namba yake iandike na +254 au +255 mbele, tena mbili ikiwezekana.

Kutangua ni rahisi: unatamka tu, au unaandika, au unasaini nyingine mpya. Ukimtaja mke au mume kisha mkatalikiana, uwakilishi wake unakufa wenyewe, labda uwe umeandika vinginevyo.

Na tafadhali, notari wa hapa si wakili. Akikwambia uchague nini kwenye fomu, tafuta mwingine. Fomu zenyewe ni za bure, zinapatikana kwenye tovuti ya idara ya afya ya Texas. Usimlipe mtu mamia ya dola akujazie.

Kutoka: Baba Furaha, Abilene

Asanteni sana. Hapa sisi wa Congo tuna shida mbili. Wazee hawajui Kiingereza, na hospitali inamtumia mtoto wa miaka 13 kutafsiri. Pili, mzee anasema tu "sitaki kuteseka". Hilo linaandikwaje? Na ile DNR, karatasi ya kutomfufua mtu moyo ukisimama, ndiyo hiyo hiyo Directive?

Kutoka: Dada Rehema

Baba Furaha, nianze na mtoto. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inapaswa kuleta mkalimani aliyefuzu, bure. Kumtumia mtoto kumeruhusiwa pale tu ambapo maisha yako hatarini na mkalimani hajapatikana bado. Mwambie muuguzi: "Swahili interpreter, please", kisha uongeze kwamba mzee ni wa Congo, kwa sababu mkalimani wa Mombasa na mzee wa Uvira wanaweza kupishana kwenye majina ya magonjwa. Mara nyingi analetwa kwa video au simu. Kwenye faili waandike namba ya mkalimani aliyetumika siku ya kusaini. Ndugu wa Goma akidai kesho kwamba mzee hakuelewa, namba hiyo inajibu.

Sainini nakala ya Kiingereza, maana ndiyo itakayosomwa saa nane usiku. Ya Kiswahili mbaki nayo nyumbani ya kusomea.

"Sitaki kuteseka" daktari hawezi kuitumia. Mvunjieni mzee vipande. Moyo ukisimama, kifua kinakandamizwa kwenda chini sentimita 5 au zaidi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kwa mzee mwenye mifupa mikavu mbavu huvunjika. Anataka hilo? Mashine ya kupumulia: anaikataa kabisa, au anakubali ijaribiwe kwa muda, tuseme siku 10, na kama hakuna nafuu iondolewe? Hapo panafaa namba, kwa sababu mnamo wiki ya pili ndipo wataomba kutoboa koo waweke mpira wa kupumulia wa muda mrefu. Kusafisha damu mara tatu kwa wiki? Mrija wa chakula tumboni? Kuongezewa damu? Yote yanaandikwa kwenye nafasi ya maombi ya ziada, kwa sentensi fupi. Ongezeni pia kama anataka padri, imamu, au asibadilishwe nguo na mwanamume.

DNR ni kitu kingine. Directive ni matakwa yako, DNR ni amri ya daktari. Watu wa ambulensi hawasomi wosia. Ukipiga 911 na moyo umesimama, wanaanza kukandamiza. Kwa mgonjwa aliye nyumbani kuna fomu yake, Out-of-Hospital DNR. Anasaini mgonjwa au mwakilishi, wanasaini mashahidi wawili au notari, na anasaini daktari. Kisha, na hapa ndipo inapokwama, kila aliyesaini juu anasaini tena chini kabisa ya ukurasa. Sahihi moja ya chini ikikosekana, fomu haijakamilika na ambulensi wataendelea na kazi yao. Nakala inakubalika. Ibandikeni kwenye friji au nyuma ya mlango wa chumba cha mzee, au mgonjwa avae bangili yake maalumu.

DNR haimaanishi "msimtibu". Nimonia inatibiwa, maumivu yanatibiwa, dripu inawekwa.

Jambo jingine wengi hawalijui. Hospitali ikiona matibabu mnayodai hayana faida, kamati yake ya maadili inaweza kuafiki yasitishwe. Sheria ilibadilishwa kuanzia Septemba 2023: familia ipewe taarifa siku 7 kabla ya kikao, na baada ya uamuzi kuna siku 25 za kutafuta hospitali nyingine itakayompokea. Zamani zilikuwa saa 48 na siku 10. Mkipewa barua hiyo, msiitie mkobani, siku zinahesabiwa.

Na wenye watoto wanaoanza chuo: akitimiza miaka 18 hospitali haina wajibu wa kukwambia kitu, hata bima ikiwa yako. Asaini Medical Power of Attorney kabla hajapakia mizigo, pamoja na ruhusa ya kutoa taarifa zake za afya.

Kutoka: Mama Baraka

Mungu awabariki. La mwisho: mwakilishi huyo huyo ndiye anayeamua mwili uzikwe hapa au urudishwe nyumbani?

Kutoka: Kaka Juma

Hapana, na ugomvi mwingi unazukia hapo. Mamlaka ya mwakilishi wa matibabu yanakoma mtu anapokata roho. Kwa mwili kuna fomu nyingine, Appointment for Disposition of Remains. Hii mashahidi hawatoshi, lazima notari. Bila hiyo inarudi foleni: mke au mume, watoto wazima, wazazi, ndugu. Anayetaka kurudishwa Kisii au Moshi, au anayetaka azikwe hapa haraka bila kungoja ndege, aandike humo waziwazi, na aandike gharama italipwa na nani.

Nakala zote, hii na za matibabu, msizifungie kwenye sanduku la benki. Moja kwa mwakilishi, moja kwa wa akiba, moja kwa daktari wa kawaida, moja hospitali mnayotumia waiingize kwenye faili, na picha kwenye simu.