Re: Binti anataka kucheza kalingi, mimi namtaka asome

> Shikamooni wakubwa, na rika langu hamjambo. Binti yangu yuko hai skuli hapa Brooklyn Park na ameng'ang'ania kujiunga na klabu ya kalingi, ule mchezo wa kuserereza mawe kwenye barafu huku wengine wakifagia. Ndoto yangu ni asomee famasia. Kuna anayeujua? Hautamharibia masomo?

Marahaba, mdogo wangu. Usimkataze. Na kwa kuwa umetaja famasia, mwambie amsome Tabitha Peterson, mtoto wa hapahapa Minnesota. Ni mfamasia, na ndiye aliyekuwa nahodha wa wanawake wa Marekani kwenye Olimpiki ya Beijing 2022. Mdogo wake Tara, waliyecheza naye kikosi kimoja, ni daktari wa meno. Nina Roth, nahodha wao kwenye Olimpiki ya PyeongChang 2018, ni muuguzi. Tabitha alikuwa naibu wake, kisha mwaka 2020 wakabadilishana nafasi, na Nina akakubali kucheza chini yake. Hilo peke yake lilinifanya niwaheshimu.

Sisi Wakenya tumezoea kuona mwanariadha akiajiriwa polisi, magereza au jeshini, mshahara unaingia huku anafanya mazoezi. Huku timu ya Olimpiki haifadhiliwi na serikali kuu, na kalingi si mchezo wa mamilioni. Kwa hiyo taaluma ndiyo iliyowaweka mchezoni. Bila cheti, wengi wangeacha mapema.

Na si kwamba walishinda kila mara. PyeongChang walishinda mechi 4 wakapoteza 5, na Beijing ikawa vilevile; hawakufika nusu fainali. Lakini katikati, kwenye mashindano ya dunia ya Calgary 2021, waliifunga Sweden wakachukua shaba ya dunia, medali ya kwanza ya wanawake wa Marekani kwenye mashindano hayo tangu fedha ya 2006.

Jiwe lenyewe ni la graniti, karibu kilo 20, lakini halinyanyuliwi. Unajisukuma kwa mguu mmoja, unateleza umechuchumaa, unaliachia huku ukilizungusha kidogo kwa mkono. Barafu hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda kama vipele. Wafagiaji wakisugua mbele ya jiwe, linakwenda mbali zaidi na kupinda kwake kunapungua. Nahodha anasimama upande wa pili akipiga kelele: fagia, acha, fagia! Binti atajifunza kupiga hesabu na kusikilizana na wenzake.

Klabu kubwa iko St. Paul, barabara ya Selby. Waulize siku za wanaoanza. Apeleke viatu safi vya soli bapa, suruali inayonyumbulika, soksi nzito na glavu; kwa wanaoanza, mawe na mafagio yapo palepale. Jinzi asivae, atashindwa kuchuchumaa. Uliza pia kama vijana wanapunguziwa ada, na usione haya kuuliza.

Kama usafiri ndio shida, Jumapili baada ya ibada huwa napita Brooklyn Park. Nipigie, nitampitia.