Naomba ushauri: nifundisheje maji mazito bila kuwa nayo?

Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia kidato cha nne. Nimewaeleza wanafunzi kwamba haidrojeni ya maji mazito ina nyutroni moja ya ziada, ndiyo maana lita moja ina uzito wa kama kilo 1.1, tena yanaganda kwenye nyuzijoto 3.8. Kwenye vinu vya nyuklia vya Kanada, vile vya CANDU, hupunguza kasi ya nyutroni, hivyo urani ya asili hutumika bila kurutubishwa. Hapo walinielewa vizuri.

Shida ilianza niliposema barafu yake huzama kwenye maji ya kawaida. Binti mmoja wa dawati la mbele alikitazama kipande cha barafu kikielea kwenye bika yangu, akasema, "Mwalimu, mpaka nione." Ana haki kabisa, na sitaki akariri tu.

Nimewaza kutumbukiza barafu ya kawaida kwenye spiriti, maana humo huzama. Lakini nahofia nitawachanganya: hapo kilichobadilika ni kimiminika, si barafu.

Mwenye njia bora anisaidie. Na kama kuna aliyewahi kuagiza gramu chache za maji mazito kwa maabara ya shule, alipitia utaratibu gani? Kipindi kijacho ni Jumatano.